Robert Smalls, Mtunga Sheria Aliyekataa Kutia Sahihi

Mwishoni mwa mwaka 1895, katika mji wa Columbia ulio makao makuu ya jimbo la South Carolina huko Marekani, mkutano wa wajumbe wapatao 160 ulimaliza kazi ya kuandika katiba mpya ya jimbo hilo. Miongoni mwa wajumbe hao wote watu weusi walikuwa sita tu, ingawa katika jimbo lenyewe watu weusi ndio waliokuwa wengi kuliko Wazungu. Ulipowadia wakati wa kutia sahihi, mjumbe mmoja mnene wa mwili, mwenye umri wa miaka 56, alikataa. Likatolewa shauri kwamba asiyetia sahihi asilipwe posho wala nauli ya kurudia kwao. Mzee huyo akajibu kwamba ni heri kwake kwenda kwa miguu mpaka Beaufort, mwendo wa kilomita kama 200, kuliko kuliweka jina lake chini ya maandishi yale. Jina lenyewe lilikuwa Robert Smalls.

Habari za watu weusi wa Marekani waliopigania haki zao si ngeni kwa wasomaji wa gazeti hili. Frederick Douglass anafahamika, Booker T. Washington anafahamika, na Martin Luther King hana haja ya kutambulishwa. Robert Smalls hatajwi sana, na kila atajwapo hutajwa kwa sababu ya usiku mmoja tu wa mwaka 1862, alipowatoroka mabwana zake pamoja na meli yao. Usiku huo tutausimulia, maana unastahili. Lakini sisi twaona kwamba jambo lililo kubwa zaidi katika maisha yake ni lile alilolifanya akiwa ameketi kitini, barazani, miongoni mwa watunga sheria. Na ndilo lililomgharimu zaidi.

Alizaliwa tarehe 5 Aprili, 1839, mjini Beaufort, mji mdogo wa pwani uliozungukwa na visiwa na mikono ya bahari. Alizaliwa katika kibanda kilichokuwa uani, nyuma ya nyumba kubwa ya bwana wa mama yake. Mama huyo, Lydia Polite, alikuwa mtumwa wa ndani katika jamaa ya McKee, aliyetolewa shambani kisiwani angali mtoto ili atumike nyumbani. Baba yake hakutajwa. Waliomfahamu walisadiki kwamba alikuwa Mzungu. Mtoto alipendwa na wenye nyumba, akala vizuri, akavaa vizuri, hata mama akaingiwa na hofu kwamba mwanawe atakua bila ya kujua yeye ni nani. Yasemekana kwamba alimchukua kwa makusudi mpaka mahali watumwa walipochapwa viboko na kupigwa mnada, akamsimamisha atazame.

Hapana budi kuitaja hapa sheria moja. Mwaka 1834, miaka mitano kabla ya Smalls kuzaliwa, watunga sheria wa South Carolina walipiga marufuku kumfundisha mtumwa kusoma au kuandika. Mzungu aliyefanya hivyo alitozwa faini na kutiwa gerezani. Mtu mweusi alichapwa viboko visivyozidi 50. Basi mtoto huyu alikulia katika nchi ambamo herufi zilikuwa haramu kwake kwa amri ya Bunge. Msomaji aikumbuke sheria hiyo, maana Smalls aliishi hadi akaiona ikirudi kwa mlango mwingine.

Alipotimiza miaka 12 bwana wake alimpeleka Charleston, bandari kubwa ya jimbo hilo, akodishwe kwa watu. Hiyo ilikuwa desturi ya wenye watumwa wa mijini: mtumwa hufanya kazi kwa mtu mwingine, na mshahara huenda kwa bwana wake. Smalls alirudishiwa dola 1 kwa juma. Alitumika hotelini, akawasha taa za barabarani, kisha akashuka bandarini ambako alipapenda. Akapakia na kupakua shehena, akashona matanga, akafunga kamba za milingoti, na mwishowe akashika usukani wa vyombo vya pwani. Alizijua njia za maji, mafungu ya mchanga na mikondo ya pale kama mtu ajuavyo njia ya kisimani kwao. Kwa kweli alikuwa rubani. Ila jina hilo lilikuwa la Wazungu tu, na mtumwa aliyefanya kazi ile ile aliitwa mshika usukani.

Mnamo tarehe 24 Desemba, 1856, alimwoa Hannah Jones, mtumwa aliyetumika hotelini. Walipojaliwa binti, Smalls alipatana na bwana wa mkewe amuuzie mke na mtoto kwa dola 800. Na ahesabu mwenye kuhesabu: mtu mwenye kuachiwa dola moja moja kwa juma, hata akiongeza na vijibiashara vidogo vidogo alivyovifanya bandarini, ataimaliza lini bei hiyo? Na wakati wote huo, mwenye mali anaweza kubadili nia na kuwauza mbali.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilianza hapo hapo Charleston, tarehe 12 Aprili, 1861, majimbo ya Kusini yalipoishambulia ngome ya Sumter iliyo mdomoni mwa bandari. Smalls aliwekwa katika meli ya mvuke iliyoitwa Planter. Meli hiyo ilijengwa kuchukua pamba. Pamba ya nchi hizo za Kusini ndiyo iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts ikawa ile nguo ambayo wazee wetu wa pwani waliiita merikani, na ambayo iliadimika katika maduka ya Unguja vita vilipokaza. Sasa Planter ilitiwa mizinga, ikatumika kupeleka askari na silaha kwenye ngome za jeshi la Kusini. Nje ya bandari, ukionekana kwa macho, ulikuwapo msitari wa manowari za Kaskazini zilizoizingira Charleston. Uhuru ulikuwa kilomita chache tu mbele ya omo. Katikati zilikuwapo ngome.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei, 1862, maofisa watatu wa Kizungu wa Planter walikwenda kulala majumbani kwao, kinyume cha amri. Kiasi cha saa tisa za usiku Smalls na mabaharia wenzake, wote watumwa, walikoleza moto, wakang'oa nanga. Kwanza walirudi nyuma, upande ulio mbali na bahari ya wazi, kwenda kuwachukua wake na watoto waliokuwa wamefichwa katika chombo kingine. Hapo ndipo ushujaa wa watu hao unapoonekana hasa, maana kila dakika ilikuwa hatari, na mwanamume aliye peke yake angeliweza kupita moja kwa moja. Jumla yao walikuwa watu 16. Walikuwa wamekwisha kuafikiana kwamba wakigunduliwa wataizamisha meli au kuilipua, wafe wote.

Smalls alivaa kofia ya nahodha ya majani makavu, akasimama kama alivyosimama nahodha, mikono imekunjwa kifuani. Kila walipofika mbele ya ngome alipiga honi ya mvuke kwa ishara ipasayo, mbili ndefu na moja fupi, kama alivyosikia ikipigwa siku zote. Mbele ya Sumter mapambazuko yalikuwa karibu. Walinzi wakaona chombo chao wenyewe na kofia wanayoijua, wakaruhusu. Planter ilipotoka nje ya masafa ya mizinga, bendera ya Kusini ilishushwa, na shuka nyeupe ya kitandani aliyoichukua Hannah ikapandishwa badala yake. Haikukosea sana: manowari ya Kaskazini iliyoitwa Onward ilikuwa imekwisha kugeuza ubavu ili ifyatue. Smalls alikabidhi meli, mizinga yake miwili, mizinga mingine minne iliyokuwa shehena, na kitabu cha ishara za siri za jeshi la Kusini. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Yaliyofuata katika vita hivyo tutayapitia kwa haraka. Bunge la Marekani lilimpa zawadi ya dola 1,500. Mwezi Agosti alipelekwa Washington pamoja na mchungaji Mansfield French, wakaonana na Waziri wa Vita, Edwin Stanton, na hazikupita siku nyingi kibali kikatoka cha kuandikisha askari weusi wasiozidi 5,000 katika sehemu za Port Royal. Aprili 1863 alikuwa rubani wa manowari ya chuma Keokuk, iliyopigwa na risasi za mizinga zaidi ya 90 mbele ya Charleston na kuzama kesho yake. Mwezi Desemba mwaka huo Planter iliposhambuliwa, nahodha wake Mzungu alishikwa na woga akaenda kujificha mahali pa kuwekea makaa, na Smalls akaiokoa meli. Baada ya hapo akapewa yeye unahodha.

Jambo moja la miaka hiyo hatutalipita. Mwaka 1864 Planter ilipelekwa Philadelphia kutengenezwa, na kazi hiyo ikachukua miezi mingi. Smalls alitumia nafasi hiyo kujifunza kusoma na kuandika, akisaidiwa na walimu aliowapata huko. Alikuwa nahodha, alikuwa amekwisha kuandikwa katika magazeti ya nchi nzima, na magazeti hayo yenyewe hakuweza kuyasoma. Katika mji huo huo wa Kaskazini siku moja alishushwa katika gari la abiria kwa kuwa ni mweusi. Tukio hilo liliwapa nguvu waliokuwa wakiupinga ubaguzi katika magari, na mwaka 1867 sheria ya Pennsylvania ikaukataza.

Vita vilipokwisha Smalls alirudi Beaufort akiwa mwenye nyumba. Na nyumba yenyewe ni ile ile aliyozaliwa uani mwake. Serikali ya Washington ilikuwa imeipiga mnada kwa sababu ya kodi isiyolipwa, naye akainunua. Mzungu aliyeinunua zamani kwa McKee alimshtaki akitaka kuinyang'anya, na kesi ikafika hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1878 ilithibitisha kwamba nyumba ni mali ya Smalls. Jamaa yake husimulia kwamba mjane wa McKee, katika uzee wake na akili zikiwa zimepungua, alirudi siku moja akaingia kana kwamba yungali kwake, na Smalls akaamuru apewe chumba chake cha zamani. Hatuwezi kuapa kwamba ilikuwa hivyo. Lakini hadithi za namna hiyo hazisimuliwi juu ya kila mtu.

Sasa tufike kwenye kazi ya sheria. Januari 1868 ulikutana Charleston mkutano wa kuandika katiba mpya ya South Carolina, kwa kuwa utumwa umekwisha na Bunge la Marekani limeamuru wanaume weusi wapige kura. Wajumbe walikuwa 124, na zaidi ya nusu yao walikuwa watu weusi. Wengi miaka mitatu kabla ya hapo walikuwa bado mali ya watu. Smalls alikwenda akiwa mjumbe wa Beaufort, na shauri alilolitoa lilihusu shule: jimbo liweke shule zisizo na malipo, zilizo wazi kwa kila mtoto, na wazazi walazimishwe kuwapeleka watoto wao. Katiba ilipopitishwa ilikuwa na sehemu hiyo. Watoto wenye umri wa miaka 6 hadi 16 wahudhurie shule kwa muda usiopungua miezi 24, mara shule zitakapokuwa zimeenea. Na shule zinazolipiwa na fedha za umma zisimkatae mtoto kwa sababu ya rangi yake.

Kwa mtu asomaye leo maneno hayo ni ya kawaida. Mwaka 1868, huko Kusini, hayakuwa ya kawaida hata kwa Wazungu, kwani kabla ya vita mtoto wa Mzungu maskini naye hakuwa na shule ya kutegemea. Tajiri aliajiri mwalimu wake. Maskini, awe mweupe au mweusi, alibaki na jembe. Wajumbe wale weusi waliwapa watoto wa watu waliowadharau jambo ambalo mabwana wa Kizungu hawakupata kuwapa. Aidha, katiba hiyo ilifuta kifungo kwa sababu ya deni, ikampa mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki mali yake, na ikaondoa sharti la kuwa na mali kwa mtu atakaye kuchaguliwa.

Mwaka huo huo Smalls alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo, ambalo katika Marekani nzima lilikuwa baraza la kutunga sheria la pekee lenye watu weusi wengi kuliko Wazungu. Mwaka 1870 alihamia Baraza la Seneti la jimbo, akashika kiti kilichoachwa na Jonathan Wright aliyechaguliwa kuwa jaji. Katika mabaraza hayo alifanya kazi ya kuupitisha muswada wa haki za raia, na muswada wa kulinda makao na shamba dogo la mdaiwa lisichukuliwe. Miaka hiyo jimbo lilianzisha pia tume ya kununua mashamba makubwa na kuyagawa kwa watu wasio na ardhi, wayalipie kidogo kidogo. Maelfu ya jamaa walipata mashamba kwa njia hiyo. Ni kweli pia kwamba katika tume hiyo mlikuwamo wezi, wakawauzia umma vinamasi kwa bei ya ardhi nzuri, wakatia tofauti mifukoni.

Smalls mwenyewe hakuwa msemaji wa Kiingereza cha vyuoni. Alisema lugha ya visiwa vya Beaufort, ile ya watu weusi wa pwani iitwayo Gullah, na maadui zake wakamcheka kwa hiyo. Watu wake hawakucheka. Katika wilaya ile watu weusi walikuwa karibu tisa katika kila kumi, walimwelewa kila neno, na kwa miaka mingi hapakuwa na mtu aliyeweza kumtoa. Mwaka 1874 walimchagua aende katika Bunge la Marekani huko Washington, akaingia mwaka uliofuata.

Wakati huo dhoruba ilikuwa imekwisha kuanza. Wenye mashamba wa zamani na wafuasi wao wa chama cha Democratic waliazimia kuirudisha serikali mikononi mwao, kwa kura ikiwezekana, na kwa bunduki isipowezekana. Julai 1876 katika kijiji cha Hamburg askari weusi wa jimbo walizingirwa na Wazungu wenye silaha, na watu weusi sita wakauawa, wengine baada ya kusalimu amri. Smalls alisimama Bungeni Washington akataka majeshi ya Serikali yasiondolewe South Carolina. Vikundi vya wapanda farasi waliovaa mashati mekundu vilizunguka kuvuruga mikutano. Katika miezi hiyo hiyo wakulima weusi wa mpunga kando ya mto Combahee waligoma, kwa kuwa walilipwa vipande vya karatasi vilivyopokelewa katika duka la mwenye shamba tu, badala ya fedha. Smalls alikwenda kuzungumza nao, na umwagaji wa damu uliokuwa ukitarajiwa haukutokea.

Mwaka 1877 majeshi yaliondolewa na serikali ya jimbo ikawaangukia Democratic. Mwaka huo huo Smalls alikamatwa. Alishtakiwa kwamba alipokuwa mwenyekiti wa kamati ya uchapaji ya Seneti, mwaka 1872, alipokea mlungula wa dola 5,000 kutoka kwa mtu aliyekuwa na mkataba wa kuchapa nyaraka za serikali. Mahakama ilimtia hatiani, ikamhukumu kifungo cha miaka mitatu na kazi ngumu. Alikata rufani, akatoka kwa dhamana, na mwaka 1879 gavana wa Democratic akamsamehe, katika mapatano ambayo kwayo Serikali ya Washington iliziacha kesi za watu wa Democratic walioshtakiwa kwa kuvunja sheria za uchaguzi.

Je, alikula rushwa? Wako waandishi wanaompenda Smalls ambao hulipita jambo hili kwa mstari mmoja, na wako wanaomchukia ambao huliandika peke yake. Ushahidi mkubwa ulitoka kwa mtoaji wa fedha mwenyewe, mtu aliyekuwa amekimbia, akarejea baada ya kuahidiwa kutoshtakiwa. Smalls alikana hadi kufa kwake, na alidai kwamba aliahidiwa dola 10,000 na kuachiliwa ikiwa tu atajiuzulu kiti chake cha Washington, naye akakataa. Nani asiyeona kwamba walioendesha kesi ile walitaka kiti zaidi ya haki? Hata hivyo, rushwa ilikuwapo katika Bunge lile la South Carolina, kwa weusi na kwa weupe, na kampuni hiyo ya uchapaji ilikuwa mojawapo ya mifereji yake. Sisi hatuna la kumsafisha nalo kabisa. Tunalojua ni kwamba wizi wa wachache ndio uliotolewa kuwa sababu ya kuwanyang'anya kura watu wote, waliokula na wasiokula; na waliofanya hivyo hawakuwahi kujinyang'anya kura zao wenyewe kwa ajili ya wizi wao.

Mwaka 1878, katika kampeni, Smalls alikwenda Gillisonville kuhutubia. Wapanda farasi wa mashati mekundu walimzingira pamoja na wafuasi wake wachache, wakajifungia katika duka moja, risasi zikapigwa. Habari zikaenea vijijini, na watu weusi kwa mamia wakaja mbio, na bunduki, mashoka na majembe, hata wapanda farasi wakaondoka. Uchaguzi ule alishindwa na George Tillman. Mwaka 1880 alishindwa na Tillman huyo tena, lakini alipeleka malalamiko Bungeni, na mwaka 1882 Bunge likaamua kwamba mshindi halali ni Smalls.

Kisha zikaja hila za karatasi. Sheria ya mwaka 1882 iliamuru kila cheo kiwe na sanduku lake la kura, masanduku manane, na kura iliyotiwa katika sanduku lisilo lake ihesabiwe kuwa imeharibika. Asiyejua kusoma angepataje sanduku? Mzungu asiyejua kusoma alisaidiwa na wasimamizi, mweusi aliachwa. Smalls alirudi Washington mwaka 1884 na kukaa hadi 1887, uchaguzi ulipomtoa kwa mara ya mwisho. Mwaka 1889 Rais Benjamin Harrison alimpa kazi ya kusimamia ushuru wa forodha katika bandari ya Beaufort. Hannah alikuwa amefariki mwaka 1883. Mwaka 1890 alioa tena, akaoa mwalimu.

Hivyo ndivyo tulivyofika katika ule mkutano wa Columbia wa mwaka 1895. Aliyeuongoza kwa kweli alikuwa Ben Tillman, ndugu ya yule George, mtu aliyejisifu hadharani kwamba alikuwamo katika mauaji ya Hamburg. Naye hakuficha madhumuni: kuwatoa weusi katika kura bila ya kutaja rangi, ili Katiba ya Marekani isivunjwe kwa jina. Smalls na wenzake watano, watano kati ya hao sita wakitoka Beaufort, walijibu kwa hoja, siku baada ya siku. Tillman alipomtupia ile kesi ya mlungula, Smalls alisimama akaieleza mwanzo hadi mwisho mbele ya wote. Na mkutano ulipokuwa ukijadili kuharimisha ndoa baina ya weusi na weupe, Smalls alitaka iongezwe kwamba Mzungu atakayekaa kinyumba na mwanamke mweusi asishike cheo chochote, na mtoto wao apewe jina la baba na urithi. Barazani mlikuwamo watu wengi wa heshima ambao sheria hiyo ingewaacha bila ya cheo. Shauri lilikataliwa. Msomaji atakumbuka kwamba aliyelitoa hakupata kulijua jina la baba yake kutoka katika hati yoyote.

Katiba mpya iliweka masharti haya: mpiga kura awe amekaa jimboni miaka miwili, awe amelipa kodi ya kichwa miezi sita kabla, na aweze kusoma na kuandika sehemu yoyote ya katiba atakayoonyeshwa na msajili, au awe na mali ya dola 300. Msajili alikuwa Mzungu, na ndiye aliyekata shauri nani amesoma na nani hakusoma. Kwa hiyo, katika maisha ya mtu mmoja, jimbo lile lile lilimchapa viboko mweusi kwa kusoma, kisha likamnyima kura kwa kutosoma. Zaidi ya hayo, katiba hiyo iliamuru watoto weusi na weupe wasisome shule moja. Lile lililoandikwa mwaka 1868 kwa mkono wa Smalls na wenzake juu ya rangi likafutwa. Shule zenyewe zilibaki, ila za weusi ziliachwa na makombo ya fedha. Mwaka 1896 weusi walioandikishwa kupiga kura katika jimbo zima walikuwa wapatao 5,500.

Smalls hakutia sahihi, akarudi Beaufort. Mwaka ule ule mkewe wa pili alifariki, akamwachia mtoto mdogo wa kiume. Aliendelea na kazi ya forodha, akiitwa na kuondolewa kadiri vyama vilivyopokezana utawala, hadi 1913 serikali ya Rais Woodrow Wilson ilipokuja na kumwondoa kabisa. Kisukari na malaria vilimdhoofisha. Alifariki tarehe 23 Februari, 1915, akiwa na umri wa miaka 75, katika nyumba ile ile ya mtaa wa Prince, hatua chache kutoka mahali kilipokuwa kibanda cha Lydia. Alizikwa mjini hapo, katika uwanja wa kanisa la Tabernacle Baptist.

Mtu mweusi wa mwisho katika Baraza la Wawakilishi la South Carolina wa zama hizo alitoka mwaka 1902. Mtihani ule wa kusoma ulisimamishwa na sheria ya haki ya kura ya mwaka 1965, na weusi watatu wakachaguliwa tena kuingia barazani mwaka 1970. Katiba ya 1895, pamoja na marekebisho mengi iliyotiwa, ndiyo iliyo katiba ya jimbo hilo hadi leo.